Vidole Viwili Pajani

Kiwandani walimwita Bi Kasoro, naye hakuwahi kukasirika, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Miaka ishirini na miwili alisimama kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake, mablanketi yakipita mbele yake moja baada ya jingine, naye akiyatafuta ubaya. Uzi uliokatika, doa la grisi, pindo lililokwenda upogo kwa upana wa ukucha: akiuona tu, anatunga uzi mwekundu pembeni na blanketi linarudi lilikotoka. Hakujua ndugu wala jirani. Mdogo wake wa tumbo moja, enzi hizo akiwa bado kwenye cherehani za kupinda, aliwahi kurudishiwa mablanketi kumi na moja kwa siku moja, na jioni hiyo wakala sahani moja bila kutazamana usoni.

Basi mtu akikuambia kwamba mwanamke huyo, mwenye macho hayo, alishindwa kuona mguu wa mtu ukipaa kutoka ardhini, usimwamini. Aliuona. Aliuona kila Jumamosi kwa miaka sita. Kuona hakukuwa tatizo lake.

Kiwanda kilikuwa na timu nne za softiboli za wanawake, kila idara na yake, nazo zilicheza Jumamosi mchana kwenye uwanja wa nyuma ya bohari. Waamuzi walikuwa wawili tu: Bi Kasoro, aliyechuchumaa nyuma ya mdakaji, na Fundi Boila, mzee wa mitambo ya mvuke, aliyesimama kwenye vituo ambavyo mpigaji huvikimbilia kimoja baada ya kingine, akikohoa moshi wa wiki nzima. Katika mchezo huo mrushaji husimama kwenye ubao mweupe uliozikwa ardhini, humrushia mpigaji mpira kwa mkono uliopita chini ya kiuno, na mguu wake wa nyuma sharti uburuzike udongoni mpaka mpira umtoke mkononi. Akiruka hewani, akatua mbele, akajisukuma upya ndipo akarusha, ameiba hatua. Kitabu kinauita mrusho batili. Mwamuzi akiuona hunyoosha mkono wa kushoto ubavuni, usawa wa bega, huacha mchezo uishe, kisha hutamka adhabu: mpigaji anahesabiwa mpira mmoja wa faida, na kila aliyeko kituoni anasogea kituo kimoja. Ni adhabu ndogo. Mkono mmoja, neno moja, watu wanaendelea kucheza.

Tatizo lilikuwa shimo. Mbele ya ule ubao mweupe, miguu ya warushaji wa miaka mingi ilikuwa imechimba bonde la kina cha kiganja, na mvua ikinyesha linakuwa karai. Ukiburuza mguu humo unakwenda chini kifudifudi. Kwa hiyo wasichana waliruka. Msimu wao wa kwanza Bi Kasoro na Fundi Boila walifuata kitabu, wakainua mikono mara thelathini na nane katika mchezo mmoja, hadi watazamaji wakauliza kama waamuzi wanaanika nguo. Baada ya mchezo wakaketi kwenye ngazi za chumba cha boila wakapatana. Mkono hawatauinua tena. Mrushaji akiruka, mwamuzi atagonga paja lake kwa vidole viwili, kimya kimya, yaani: nimekuona, jirekebishe. Mchezo hautakatika na hakuna atakayeaibika.

"Na shimo lenyewe tutaliziba," alisema Fundi Boila.

"Tutaliziba," alisema Bi Kasoro.

Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua, hata mlinzi wa getini anaijua kwa moyo. Kuijua na kusukuma toroli ni mambo mawili.

Warushaji wengine waliviona vile vidole, wakahamia pembeni mwa ubao, wakalikwepa shimo, wakawa warushaji wa kawaida. Mmoja tu ndiye aliyejifunza kuliruka kwa ufundi. Alianza ana miaka kumi na minne, kwenye timu ya cherehani za kupinda, mwembamba, magoti yamemtangulia kukua. Aliruka, akatua ng'ambo ya shimo, na mpira ukamtoka kwa kasi iliyowafanya wapigaji wafumbe macho. Watu wakamwita Panzi. Jina likamganda. Kila Jumamosi uwanja mzima uliimba kosa lake, Panzi, Panzi, na mwamuzi aliyepaswa kulikataza alikuwa mama yake mkubwa, dada wa mama yake mzazi, ambaye alikuwa akigonga paja huku moyo ukimcheka.

Maana alifurahi. Hilo tuliseme waziwazi, tusimwonee haya. Bi Kasoro hakujaliwa mtoto, na kila alipomwona yule binti akiwatoa wapigaji watatu mfululizo, kifua kilimjaa kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa. Naye Panzi, kila alipotua, kitu cha kwanza kukitafuta kwa macho kilikuwa paja la mama yake mkubwa. Bi Kasoro alidhani mtoto anatazama onyo. Kumbe mtoto alikuwa anatazama kama mtu wake bado yupo naye. Vidole vikigonga, mambo shwari. Vilikusudiwa kumkataza, lakini katika miaka sita havikuwahi kumkataza kitu hata kimoja, sasa angejuaje?

Mama yake Panzi alifanya kazi chumba cha kuchana sufu. Chumba hicho hakikuwa na madirisha ya kufunguka, kwa sababu upepo ukiingia sufu hupaa, na hata bila upepo ilipaa vilevile, ikaingia puani, kwenye nyusi, kwenye maji ya kunywa. Watu wa mle walijulikana hata kwenye foleni ya mishahara: walikuwa wakipumua kwa mabega. Kiwanda kilikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote na ilifuatwa kuliko zote zilizoandikwa. Mtu wa chumba cha kuchana kifua kikimshinda, nafasi yake humwendea binti yake. Iliitwa heshima. Mama wa akina Bi Kasoro aliipata, akaiacha kwa binti yake mdogo, kwa kuwa yule mkubwa alikuwa tayari amefaulu mtihani wa macho na kupewa meza ya kioo. Dada mmoja alipata taa, mwingine akapata vumbi. Hawakuwahi kulizungumza.

Sasa daktari alikuwa amemwandikia mama yake Panzi aache kazi mwisho wa mwezi. Panzi alikuwa na miaka ishirini, yuko kwenye cherehani za kupinda, na karatasi ya kumhamishia chumba cha mama yake ilikuwa imeshaonekana juu ya meza ya msimamizi.

Mlango ulikuwa mmoja tu. Chuo cha michezo kilitafuta warushaji wawili wa kuwachukua kwa miaka mitatu, malazi na masomo juu ya chuo, na majaribio yalikuwa baada ya wiki mbili. Binti akiwa mwanafunzi, desturi haimgusi.

Siku mwaliko ulipofika, mdogo wake alikuja nyumbani kwa Bi Kasoro, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akasubiri pumzi zimrudie.

"Dada, mimi maneno mengi siyawezi. Pumzi zenyewe nahesabu. Huyu mtoto asiingie mle ndani."

"Hataingia."

"Niapie."

"Mdogo wangu, mimi na wewe tutaapizana leo?"

"Niapie, Dada."

Bi Kasoro akaapa. Na alipoapa alikuwa na nia safi kabisa, jambo ambalo mpaka leo halijamsaidia mtu yeyote.

Wiki hiyohiyo chuo kikaandika tena: kina mwamuzi mkuu mmoja, kiwanda kilete mwamuzi wa pili wa kusimama vituoni. Fundi Boila alimfuata Bi Kasoro hadi mezani kwake, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akasimama akiyatazama mablanketi yakipita.

"Niende mimi," alisema.

"Wewe macho yako yaliliwa na moshi zamani."

"Ni mabovu, sikatai. Ila hayana mtoto pale uwanjani."

"Fundi, unanifundisha kazi?"

"Nakukumbusha tu. Bora lawama kuliko fedheha. Na yule binti mfundishe kuburuza mguu, kule hakuna shimo."

Alijaribu. Jioni tatu alimchukua Panzi kwenye uwanja wa nyuma ya bohari, akamsimamisha pembeni mwa ubao, akamwambia: buruza. Panzi akaburuza, na mpira ukaenda taratibu kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima. Jioni ya tatu akaanza kulia, akisema mkono umekufa, anahisi anarusha kwa mwili wa mtu mwingine. Bi Kasoro akaogopa. Kichwani alimwona tayari yuko chooni siku ya majaribio akitapika kwa hofu. Akamwambia aache, arushe anavyojua, Mungu ni mkubwa. Ni neno zuri kulisema mtu anapokuwa ameshindwa kufanya la kwake.

Uwanja wa chuo ulikuwa umesawazishwa, udongo wake mwekundu umepigwa roli ukawa laini kama meza, na ubao mweupe ulikuwa umelala humo bila hata mkwaruzo. Mwamuzi mkuu, mwanamume mfupi mwenye sauti ya upole, alimvuta Bi Kasoro pembeni kabla ya kuanza.

"Mimi nyuma ya mdakaji naangalia mpira. Wewe huko kituo cha kwanza niangalizie miguu. Ukiona mrusho batili, inua mkono, usisubiri nikuangalie."

"Sawa."

"Una ndugu humu ndani?"

Bi Kasoro akacheka kidogo. "Kiwandani kwetu sote ndugu."

Mwamuzi mkuu naye akacheka, wakaachana. Jibu lilikuwa zuri, lilimtoka lenyewe, na lilikuwa uongo ingawa kila neno lake lilikuwa kweli.

Panzi alikuwa wa tatu. Alivaa viatu alivyoviazima, akasimama kwenye ubao, akakusanya mikono, akatulia kama sheria inavyotaka. Kisha akaruka. Aliruka shimo ambalo halikuwepo. Kwenye udongo ule uliosawazishwa ilionekana wazi hata kwa kipofu: miguu miwili hewani, akatua mbele, akajisukuma, mpira ukapiga glavu ya mdakaji kwa mlio uliowafanya watu wa benchi wageuke.

Bi Kasoro alikuwa na muda. Mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kutoka ubavuni. Akawaza: mrusho wa kwanza kabisa, mbele ya kocha, nimvunje moyo? Nitaita wa pili. Na mkono ukashuka, vidole viwili vikagonga paja.

Panzi akageuza kichwa kushoto, akaviona, uso ukamkunjuka.

Huu ndio ubaya wa kuacha wa kwanza. Wa pili ukija unakuuliza: na mwenzangu je? Ukimwita huyu, kila mtu atataka kujua yule ulimwachia nini. Kwa hiyo wa pili nao ukapita, vidole vikagonga. Wa tatu, vidole. Mpigaji wa kwanza akatoka, wa pili akatoka. Kila baada ya mrusho Panzi aligeuza kichwa kushoto, akatazama paja, akarudi ubaoni. Kwenye uwanja wa nyuma ya bohari mama yake mkubwa husimama mbele yake, na kumtazama mwamuzi aliye mbele yako si habari. Hapa alilazimika kugeuka. Aligeuka mara ya nne, ya tano, ya sita, kwa uaminifu wote.

Kocha wa chuo alikuwa mwanamke mrefu, mwenye filimbi ambayo hakuwa ameipuliza tangu asubuhi. Aliacha kumtazama Panzi. Alianza kutazama Panzi anatazama nini.

Filimbi ikalia. Kocha akaja taratibu mpaka kituo cha kwanza, mwamuzi mkuu nyuma yake.

"Mama, hivyo vidole ni vya nini?"

"Vidole?"

"Pajani. Kila akirusha."

"Nilikuwa najikuna," alisema Bi Kasoro.

Mtu aliyetunga uzi mwekundu kwenye maelfu ya mablanketi alisimama kwenye jua la saa nne asubuhi akasema alikuwa anajikuna. Masikio yakamwaka moto. Kocha hakubishana naye. Alimwita Panzi.

"Binti, ukirusha unageuka kumtazama huyu mama. Unatazama nini?"

Panzi alimtazama mama yake mkubwa, akamtazama kocha. Hakuona kwa nini aogope. "Natazama vidole vyake."

"Vinasema nini?"

"Kwamba ameona nimeruka."

"Kumbe unajua unaruka?"

"Kila mtu anajua. Ndiyo maana naitwa Panzi."

Mmoja wa wasichana wa benchi akacheka, akaziba mdomo.

"Na yeye akiona unaruka hafanyi kitu?"

"Anagonga."

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka kumi na minne."

"Ni nani wako?"

"Mama yangu mkubwa," alisema Panzi, na hapo ndipo alipoona uso wa mwamuzi mkuu ukibadilika, akaelewa kwamba amefungua mlango usiofungika tena.

Kocha alimrudisha Panzi benchi kwa upole. Kisha akamgeukia Bi Kasoro, na kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeelekeza njia, akamwambia maneno ambayo Bi Kasoro hula nayo na kulala nayo.

"Mama, wasichana wote wa viwandani wanaruka. Viwanja vyenu vina mashimo, nami nilianzia hukohuko. Kuruka tunakutibu kwa wiki tatu. Nilikuwa nasubiri tu uinue mkono, nione akikatazwa anafanyaje, anakasirika au anasikia. Kuitwa si kufukuzwa. Wale wawili waliomtangulia wameitwa mara ngapi? Mara nane na mara tano. Na mmoja wao namchukua."

"Basi mwite tena, mimi nitoke, mwingine—"

"Sasa si suala la mguu. Nina mrushaji anayepewa ishara na mwamuzi ambaye ni mamaye, na wote wawili wanajua. Nikimchukua, kila mechi atakayoshinda wataniuliza. Mimi siwezi."

"Hana kosa."

"Najua hana," alisema kocha. "Ndiyo maana inauma."

 Njia nzima ya kurudi Panzi alikaa na viatu vya kuazima mapajani, akivifunga kamba na kuvifungua. Karibu na kufika akauliza, bila kugeuka: "Vile vidole maana yake ilikuwa niache?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Panzi akavifunga kamba viatu kwa mara ya mwisho. "Mimi nilidhani unanipongeza," alisema.

Mama yake aliwapokea mlangoni. Aliziona nyuso zao. Alisubiri mpaka Panzi ameingia ndani, akamwambia dada yake kila kitu alichokuwa nacho, kwa vituo, pumzi kwa pumzi.

"Mablanketi yangu kumi na moja uliyarudisha. Nilikuwa na mimba yake. Nililia ile siku, nikasema dada yangu hana huruma." Akashika fremu ya mlango. "Mchelea mwana kulia hulia yeye, wanasema. Wanasema uongo, Dada. Wewe hulii. Tunalia sisi."

Bi Kasoro alisimama pale uani mpaka mlango ulipofungwa. Hakupigwa nao usoni. Ulifungwa polepole, na ufunguo ukazungushwa.

Mwisho wa mwezi ukafika. Panzi alihamia chumba cha kuchana sufu siku ya Jumatatu. Msimamizi alimpa mkono na kumwambia ni heshima. Kutoka mezani kwake Bi Kasoro aliweza kuona mlango wa chumba kile, na saa ya mapumziko alimwona binti akitoka, nyusi zimekuwa nyeupe, akizipangusa kwa mgongo wa mkono, nyeupe zikarudi. Hakutazama upande wa meza ya kioo. Siku ya tatu alianza kuvaa kitambaa puani, kama mama yake alivyokuwa akivaa, na kama bibi yake alivyovaa kabla yao. Siku hiyo mablanketi sita yenye kasoro yalipita chini ya macho ya Bi Kasoro bila uzi mwekundu, yakarudishwa na duka, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili aliitwa ofisini kuelezwa kazi yake.

Ijumaa, baada ya king'ora cha kutoka, alikwenda chumba cha boila akaomba toroli. Fundi Boila alimpa bila swali, akachukua koleo, akamfuata. Walichota udongo nyuma ya bohari, wakaumimina kwenye shimo, wakaushindilia kwa miguu, wazee wawili wakikanyagakanyaga mahali pamoja kama wanacheza ngoma isiyo na mpigaji. Toroli moja haikutosha. Ya pili ikatosha na kubaki.

"Toroli mbili," alisema Bi Kasoro.

Fundi Boila akapangusa koleo kwenye nyasi. 

"Miaka sita, Fundi. Toroli mbili."

"Kesho utasimama wewe nyuma ya mdakaji?" aliuliza mzee. "Au nisimame mimi?"

"Nitasimama."

"Na akiruka?"

"Nitaita."

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko kawaida, maana habari za chuo zilikuwa zimeshazunguka kila idara na kunenepa njiani. Timu ya chumba cha kuchana, ambayo haikuwahi kuwa na mrushaji wa maana, sasa ilikuwa na Panzi. Alipotoka kwenye benchi waliimba jina lake kama zamani. Alifika ubaoni, akatazama pale shimo lilipokuwa. Alitazama kwa muda, kisha akaupitisha unyayo juu ya udongo mpya, huku na huku, kama mtu anayepima kama kitanda kimetandikwa vizuri. Akainua macho kwa Bi Kasoro. Hakutazama paja. Alitazama bega la kushoto.

Akakusanya mikono, akatulia, akaruka.

Bi Kasoro akanyoosha mkono. Mpira ukapita, mdakaji akaudaka, na sauti ambayo uwanja ule haukuisikia kwa miaka sita ikatoka: "Mrusho batili! Mpira mmoja kwa mpigaji."

Watu wakaguna.  Panzi akarudi ubaoni, hakupinga, hakukunja uso. Akatulia, akaruka tena, juu zaidi.

"Batili!"

Akaruka tena. Na tena. Mipira minne ya faida ikatimia, na mpigaji akatembea bure hadi kituo cha kwanza. Akaja mwingine, Panzi akaruka, na yule wa kwanza akasogea kituo cha pili, cha tatu, akaingia kituo cha nyumbani bila hata kukimbia, akitembea huku ameinamisha kichwa kwa aibu ya pointi aliyopewa. Wachezaji wa timu yake wakaanza kumwita kwa upole, Panzi, basi, buruza tu, udongo si umewekwa? Wapinzani nao wakaacha kushangilia. Hakuna aliyekuwa anacheza tena. Walikuwepo wawili tu uwanjani, mmoja anaruka, mwingine anainua mkono, na kila mkono ulipoinuka Panzi aliutazama mpaka ushuke, kama mtu anayepokea deni lake senti kwa senti.

Fundi Boila akaja kutoka vituoni, akasimama kati yao. "Mwanangu," alimwambia Panzi, "umeshasema. Tumesikia."

"Bado," alisema Panzi.

Alimpita mzee, akaja moja kwa moja mpaka nyuma ya kituo cha nyumbani, pale Bi Kasoro alipokuwa amesimama na barakoa yake ya waya mkononi. Kwa karibu Bi Kasoro aliona nyuzi za sufu zimemnasa kwenye kope, ingawa alikuwa ameoga. Na alisikia kitu kingine, kidogo sana, mwisho wa kila pumzi, mlio ambao aliujua tangu utoto wake, kutoka chumba alicholala mama yake.

Alitaka kusema mwanangu nisamehe. 

Panzi aliushika mkono wa kushoto wa Bi Kasoro, akauinua taratibu, usawa wa bega, akaupima kama mtu anavyopima mzigo sokoni, kisha akauachia.

"Kumbe si mzito, Mama mkubwa," alisema.

Akarudi ubaoni, akakusanya mikono, akatulia. Wasichana vituoni walianza kusogea kabla hata hajaruka.